Posho ya Joto Apewe Anayesikia Baridi

Kuna ugomvi mmoja wa kitaifa Uingereza ambao ukisimuliwa pale kwenye vimbweta vya Mlimani, saa sita mchana, shati limegandana na mgongo kwa jasho, lazima utacheka. Ugomvi wenyewe ni huu: serikali ikitoa hela ya kuwasaidia watu kupasha nyumba zao joto wakati wa baridi, nani apewe na nani asipewe? Bunge limepigiana kura. Waziri wa Fedha ametangaza jambo, halafu mwaka haujaisha vizuri akatangaza kinyume chake. Na yote hayo ni kwa ajili ya pauni 200, ambazo kwa hela yetu ni zaidi ya laki sita.

Mimi nipo Sheffield kwa masomo, na huu ni msimu wangu wa pili wa baridi. Siku za wikiendi nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwapikia chai, kuwasaidia kuoga, kuhakikisha dawa zimenywewa. Kwa hiyo hili suala nalisoma magazetini Jumatatu na kulikuta sebuleni Jumamosi. Nimelifikiria sana, na msimamo wangu nautoa mapema ili usinitafute mwishoni: umri peke yake usiwe kigezo. Lango liwe kipato cha nyumba nzima. Mtoto mchanga na mgonjwa wahesabiwe sawa na mzee. Na hela iende yenyewe, bila mtu kujaza fomu. Nitaeleza kwa nini, na nitasema pia nani ataumia nikisikilizwa, maana sera isiyomuumiza mtu yeyote bado sijaiona.

Kwanza, baridi yenyewe

Nyumbani tunapodhani tunaijua baridi tunataja Makete, Njombe au Lushoto mwezi wa saba. Ile ni baridi, sikatai. Lakini ni baridi ambayo jua likitoka unaisahau. Huku kuanzia Novemba mpaka Machi jua linatoka kama mtu aliyelazimishwa, na Desemba saa kumi jioni limeshazama. Nyumba isiyopashwa joto inakuwa baridi hata ndani. Shirika la Afya Duniani linashauri nyumba isishuke chini ya nyuzi 18. Chini ya hapo, shinikizo la damu linapanda, mapafu yanalemewa, na kwa mzee au mtoto mdogo hatari inaanza kuwa ya kweli.

Nyumba nyingi huku zinapashwa kwa gesi. Kuna boila inayochemsha maji, na maji hayo yanazunguka kwenye vyuma vilivyofungwa ukutani kila chumba. Bei ya hiyo gesi na umeme ina kikomo kinachowekwa na mdhibiti wa serikali. Oktoba 2021 kikomo hicho kwa nyumba ya matumizi ya kawaida kilikuwa pauni 1,277 kwa mwaka. Oktoba 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine na bei ya gesi kuruka, serikali iliingilia kati na bado nyumba hiyohiyo ikawa inalipa kama pauni 2,500. Bei imeshuka tangu pale, lakini haijarudi ilikokuwa.

Halafu nyumba zenyewe ni kuukuu. Mitaa mizima ya Sheffield ilijengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, matofali matupu, ukuta mmoja tu, madirisha yanayopitisha upepo. Unawasha joto, joto linapitia ukutani na kwenda kuwapasha ndege. Ndiyo maana watu wawili wenye kipato sawa wanaweza kuishi maisha tofauti kabisa, mmoja kwa sababu nyumba yake inashika joto na mwingine kwa sababu yake haishiki.

Historia ya posho hii

Posho ya baridi ilianza 1997, chini ya Waziri wa Fedha Gordon Brown. Mwanzoni ilikuwa pauni 20 tu kwa nyumba ya mstaafu, na 50 kwa wale maskini zaidi. Ikapanda hatua kwa hatua mpaka pauni 200, na kuanzia 2003 mwenye miaka 80 na kuendelea akawa anapata 300. Haikuuliza kipato. Ulifika umri, ulipewa. Mzee wa kima cha chini na mzee mwenye jumba na farasi walipokea kiasi kilekile.

Lakini usidhani "umri" ni neno lisilo na mgogoro. Zamani mwanamke alistaafu akiwa na miaka 60 na mwanamume 65, na posho ilifuata mstari huohuo. Mwanamume mmoja mstaafu, jina lake Taylor, akasema: kwani mimi wa miaka 62 sisikii baridi kama mke wa jirani yangu? Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Desemba 1999 akashinda. Baridi haiangalii jinsia.

Kisha likaja suala la wastaafu wa Uingereza waliohamia nchi nyingine za Ulaya. Hispania, Ugiriki, Kupro, watu wanaota jua halafu wanapokea hela ya joto. Kuanzia msimu wa 2015 serikali ikaweka kipimo cha hali ya hewa: nchi yenye wastani wa joto kuliko kusini-magharibi mwa England, wastaafu wa Uingereza wanaoishi huko wakae bila posho. Ufaransa nayo ikaondolewa. Unajua kwa nini? Kwa sababu katika kutafuta wastani wa Ufaransa walihesabu na visiwa vyake vya mbali vya kitropiki, kikiwemo Réunion, hukuhuku kwetu Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mzee anayetetemeka milimani Ufaransa alinyimwa posho kwa sababu ya jua la mashariki ya Madagaska. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Haki haikuwepo.

Nimeyasimulia haya kwa makusudi. Kila mara serikali ilipochagua kigezo, ilichagua kitu kilicho rahisi kupimika, kisha mtu anayesikia baridi akajikuta upande wa nje wa mstari.

Pauni tatu na senti tano

Sasa tuje kwenye moto wenyewe. Chama cha Labour kilishinda uchaguzi Julai 2024. Mwisho wa mwezi huohuo, tarehe 29, Waziri wa Fedha Rachel Reeves akatangaza kwamba hazina ina pengo na kwamba kuanzia msimu huo, kwa England na Wales, posho watapata tu wastaafu walio kwenye ruzuku ya pensheni au msaada mwingine wa watu wa kipato cha chini. Tarehe 10 Septemba upinzani ukajaribu kuizuia bungeni, ukashindwa kwa kura 348 kwa 228. Wapokeaji wakashuka kutoka zaidi ya milioni 10 mpaka kama milioni moja na nusu.

Kwenye karatasi inaonekana ni haki. Kwa nini bilionea apewe pauni 200? Hata mimi sioni sababu. Tatizo ni lile lango walilolichagua.

Ruzuku ya pensheni mwaka huo ilikuwa ya mtu ambaye kipato chake hakifiki pauni 218.15 kwa wiki, kama anaishi peke yake. Na pensheni kamili mpya ya serikali ilikuwa pauni 221.20 kwa wiki. Toa hesabu mwenyewe: tofauti ni pauni 3.05. Yaani mtu asiye na kitu kingine chochote duniani zaidi ya pensheni ya serikali, isipokuwa awe na ulemavu au sababu nyingine ya kuongezewa, alihesabiwa kuwa ni tajiri wa pauni tatu na senti tano. Kwa mwaka mzima utajiri huo unafika kama pauni 159. Na kwa sababu ya utajiri huo wa pauni 159, akanyang'anywa pauni 200. Mwenye kipato kidogo kidogo akaishia kuwa nyuma ya yule aliyekuwa chini yake.

Hapo hatujawagusa wale waliokuwa chini ya mstari kabisa, wenye haki zote, ila hawajawahi kuomba. Makadirio ya serikali yenyewe yalionyesha nyumba hizo zinaweza kufika 880,000. Kwa nini hawaombi? Fomu ina maswali zaidi ya 200, ingawa wengi hawahitaji kuyajibu yote. Wengine hawajui. Wengine, na hawa ndio ninaokutana nao, wanaona aibu. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka 84. Alifanya kazi kiwandani toka binti. Nilipomwambia kwamba pengine ana haki ya ruzuku, akaniangalia kama nimemtukana. "Sijawahi kuomba omba," akasema, na akavuta blanketi magotini. Ndani palikuwa na nyuzi 15. Nilikiona kipimo kwenye ukuta, na yeye alikuwa amekigeuza kidogo ili wageni wasikisome.

Novemba 2024 serikali ikatoa hesabu zake: uamuzi ule ungewasukuma kama wastaafu 50,000 zaidi kwenye umaskini. Mei 2025 Labour ikachapwa vibaya kwenye uchaguzi wa madiwani, na wagombea wakarudi wakisema kila mlango waliobisha waliulizwa habari ya posho. Juni 9, 2025 Reeves akageuza gari. Sasa wastaafu wote wanapelekewa hela, halafu yule ambaye kipato chake kinazidi pauni 35,000 kwa mwaka inarudishwa kupitia kodi. Kama watu milioni 9 wanabaki nayo.

Mstari mpya na kichekesho chake

Nitasema kizuri kwanza. Namna hii ya kutoa ni bora kuliko zote zilizotangulia. Hela inatoka kwa wote, hakuna fomu, hakuna aibu, na mamlaka ya kodi, ambayo tayari inajua kila mtu anaingiza nini, inachukua ilichotakiwa kuchukua. Bibi yangu wa miaka 84 safari hii amepata pauni zake 300 bila kumwomba mtu. Huo ndio utumishi wa umma ninaoweza kuupigia makofi.

Lakini mstari wenyewe umekaa ovyo. Pauni 35,000 ni kwa kichwa, si kwa nyumba. Mke na mume, kila mmoja na pensheni ya 34,000, wanaingiza 68,000 chini ya paa moja na posho yao wanabaki nayo yote. Mjane wa jirani mwenye 35,001, anayelipia gesi ya nyumba nzima peke yake, anarudisha yote mpaka senti ya mwisho. Pauni moja imempeleka shimoni. Hakuna ngazi pale, ni ukuta: umevuka, umekosa.

Nina mzee mwingine ninayemhudumia, mhandisi mstaafu, mkewe alikuwa mwalimu mkuu. Watu wazuri sana. Nyumba yao ni mpya, ina joto kiasi kwamba navua sweta nikiingia. Posho wanaipata. Mwenyewe alinitajia bila kuficha kwamba kila mwaka wanawapa wajukuu wanunulie zawadi za Krismasi. Simlaumu, hakuiba. Nalaumu sheria inayompelekea.

Anayeganda bila mvi

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja yangu. Mjadala wote huu, tangu 1997 mpaka leo, umekuwa ni wa kuuliza mzee yupi apewe. Karibu hakuna anayeuliza kwa nini lazima awe mzee.

Jibu la kawaida ni kwamba wazee wanakaa nyumbani muda mrefu na miili yao haivumilii. Ni kweli, na wala silipingi. Lakini mtoto wa miezi minane naye anakaa nyumbani kutwa. Mgonjwa wa selimundu, ambaye baridi inaweza kumwamshia maumivu ya kumpeleka hospitali, naye mwili wake hauvumilii. Takwimu za England za watu wasiomudu joto hazionyeshi wazee wakiongoza. Wanaoongoza ni mzazi mmoja anayelea watoto peke yake, na wapangaji wa nyumba za watu binafsi.

Hapa Sheffield kuna Wakongo wengi waliopokelewa kama wakimbizi kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa, na Jumapili kanisani Kiswahili kinatandikwa mpaka unajisahau uko wapi. Kuna mama mmoja wa Uvira, ana watoto watatu, wa mwisho hajafika miaka miwili. Anafanya usafi ofisini alfajiri. Nyumba ya kupanga, ukuta wa chumbani una kuvu nyeusi kama ramani. Mita yake ni ya kulipia kabla, sawasawa na LUKU: unachaji kadi dukani, ikiisha, giza na baridi. Tofauti ni kwamba nyumbani LUKU ikikata unatoka nje kupunga upepo. Aliniambia, "Baridi tunaizoea, mdogo wangu. Ile mita ndiyo hatuizoei." Siku za mwisho wa mwezi familia nzima inalala chumba kimoja ili kupasha chumba kimoja.

Je, yeye hapati chochote? Anapata, na ni haki kusema. Kuna punguzo la pauni 150 kwenye bili ya umeme, ambalo msimu huu wa 2025/26 limefunguliwa kwa karibu nyumba milioni 6 zenye msaada wa kipato cha chini. Kuna pia pauni 25 kwa wiki kwa baadhi ya wenye kipato cha chini, lakini mpaka wastani wa nje ushuke kufikia sifuri kwa siku saba mfululizo. Nyuzi mbili na mvua, wiki nzima, hazihesabiki. Kwa hiyo linganisha: yeye na watoto watatu kwenye nyumba yenye kuvu, 150. Mhandisi na mkewe kwenye nyumba inayonifanya nivue sweta, 200. Mwenye akili atetee hilo.

Na tusiseme haya ni mambo ya kukosa raha tu. Desemba 2020, mji wa Rochdale, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, alifariki. Novemba 2022 uchunguzi rasmi wa kifo chake ulisema chanzo ni kukaa muda mrefu na kuvu kwenye nyumba yao ya kupanga. Baba yake alikuwa amelalamika kwa miaka. Leo kuna sheria yenye jina la mtoto huyo, iliyoanza kufanya kazi Oktoba 27, 2025, inayowabana wenye nyumba za jamii kurekebisha unyevu na kuvu kwa muda maalumu. Awaab hakuwa na mvi hata moja.

Wanaonipinga

Nimeshabishana na wengi juu ya hili, kuanzia jikoni hosteli mpaka kwenye basi, na hoja zao si za kupuuza.

Wa kwanza wanasema: wape wazee wote, bila kuuliza, maana ukianza kuchuja utawaacha maskini. Msaada wa wote unalindwa na wote. Msaada wa maskini peke yao unakatwa siku yoyote kwa sababu maskini hawana mtetezi. Hoja hii naiheshimu. Mwaka 2024 umeithibitisha: kelele zilipigwa kwa sababu walioguswa walikuwa milioni kadhaa. Lakini jibu lipo tayari. Toa kwa wote walio kwenye kundi la hatari, kisha kodi irudishe kwa wenye nacho. Hakuna anayeachwa mlangoni. Kinachobaki ni kupanga vizuri nani arudishe na kiasi gani.

Wa pili wanasema: pima nyumba, usipime watu. Nyumba za huku zina cheti cha matumizi ya nishati, A mpaka G. Mwenye nyumba ya F apewe, wa B asipewe. Linapendeza masikioni. Lakini limeshajaribiwa. Kuanzia 2022 lile punguzo la pauni 150 lilitegemea pia kompyuta kukadiria kama nyumba yako ni ghali kupasha, kwa kuangalia umri wake, aina yake na ukubwa wake. Matokeo yake watu maskini kwenye nyumba ndogo waliambiwa nyumba zao si ghali, na mwaka 2025 serikali ikakifuta kigezo hicho. Nyumba ndogo yenye dirisha bovu haionekani kwenye kompyuta. Kwa hiyo hali ya nyumba isitumike kumfungia mtu mlango. Itumike kumbana mwenye nyumba: tangu 2020 huruhusiwi kupangisha nyumba binafsi iliyo chini ya daraja E, isipokuwa kwa misamaha maalumu, na E bado ni baridi.

Wa tatu wanasema: hela itatoka wapi? Hawa ndio wenye swali gumu. Jibu langu halifurahishi. Itoke kwa mhandisi wangu na mkewe. Hesabu kipato cha nyumba nzima, si cha kichwa. Badala ya ukuta wa 35,000 weka mteremko, ili anayezidi kidogo arudishe kidogo, na anayezidi sana arudishe yote. Kinachopatikana kiende kwenye nyumba za kipato cha chini zenye mtoto chini ya miaka mitano au mtu mwenye ugonjwa ambao baridi inauchochea. Kama hakitoshi, waanze na watoto wachanga. Wastaafu wa kati wenye maisha ya nafuu watapoteza zawadi za wajukuu, na watakasirika, na watapiga kura. Mwanasiasa anayeogopa hilo aseme wazi kwamba anaogopa, asituambie kuwa ni suala la haki.

Na kabla hujaniuliza: mimi simo, na sidai kuwemo. Viza ya mwanafunzi imeandikwa wazi kwamba fedha za umma za huku si zangu. Navaa soksi mbili, nakaa maktaba mpaka wanafunga taa. Nina miaka ishirini na kitu na mwili wa kuhimili. Nasema haya kwa sababu ya wale ambao maktaba kwao si jibu.

Mlimani mnasikia?

Utaniuliza, sisi yanatuhusu nini, wakati shida yetu ni feni iliyokufa hosteli? Yanatuhusu kwa sababu swali ni lilelile. Kila mwaka maelfu ya wanafunzi wanasubiri kujua kama wamepata mkopo na asilimia ngapi, na kila mwaka mjadala ni nani "mhitaji." Aliyesomeshwa shule ya kulipia na mfadhili, anaonekana mtoto wa tajiri. Yatima mwenye cheti cha kifo cha mzazi ana karatasi ya kuonyesha. Yule ambaye baba yupo hai lakini hajulikani alipo, karatasi hana. Kigezo kinaona karatasi, hakioni jikoni kwao. TASAF angalau wanaanza kwa kukusanya wanakijiji wenyewe wataje kaya zilizo taabani, kisha ndipo hesabu zifuate. Njia hiyo nayo ina upendeleo wake, sote tunajua mkutano wa kijiji ulivyo. Lakini imekubali jambo ambalo London haijalikubali bado: jirani anajua nani hajawasha moto jana.

Kwa hiyo ukisikia serikali yoyote, ya huku au ya huko, inasema "tumelenga wenye uhitaji," usipige makofi wala usizomee kwanza. Uliza maswali manne. Wanapima kichwa au nyumba nzima? Aliyevuka mstari kwa shilingi moja anapoteza kidogo au anapoteza vyote? Mwenye haki inamfikia au lazima akaiombe? Na kile wanachokipima, iwe umri, cheti au mkoa, ndiyo shida yenyewe, au ni kitu kilicho rahisi kuandika kwenye jedwali?

Posho ya baridi ya Uingereza leo inafaulu swali la tatu peke yake. Ni hatua, kwa sababu mwaka 2024 hata hilo ilifeli. Yale mengine yanarekebishika kwa sheria moja na ujasiri kidogo, kabla ya Novemba nyingine kufika. Baridi haijawahi kumuuliza mtu cheti cha kuzaliwa. Serikali nayo iache kuuliza hicho kwanza.